Ndara za Verona

Funguo za nyumba zilitakiwa kukabidhiwa wanunuzi saa kumi na moja jioni, na hadi saa saba mchana Bernadine alikuwa hajamaliza kabati la jikoni. Tangu Jumatatu alikuwa akifunga vyombo vya marehemu mama yake kwa magazeti, na kila alipodhani amefika mwisho wa sahani, alikuta nyingine zimefichwa nyuma. Bibi aliyekaa peke yake miaka kumi na tisa, sahani za watu arobaini! Za nini? Za wageni. Wageni gani tena? Nusu ya Mtaa wa Hazel ilikuwa makaburini na nusu nyingine ilikuwa Florida, na hao wa Florida nao walikuwa njiani.

Alichoka mwili, alichoka na roho. Miaka hamsini na sita si mingi, lakini wiki hiyo aliihisi yote magotini. Alitoka Arizona kwa ndege akidhani kazi ni ya siku mbili. Mdogo wake Gene, aliyekuwa anakaa ng'ambo ya mto, alikuwa akija na pikapu, anapakia, anaondoka, anarudi, na kila akirudi anauliza swali lile lile.

"Dada, hujamaliza tu?"

"Nimemaliza, Gene. Hapa nacheza."

Mlango wa nyuma ulifunguliwa bila hodi. Katika mtaa ule mlango wa mbele ulikuwa wa padri, polisi na majeneza. Binadamu wa kawaida aliingilia jikoni. Aliyeingia alikuwa Verona, binti wa kina Hudak na rafiki yake tangu utoto, ameshika sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa, na mvua ya Oktoba ikimchuruzika kwenye mtandio. Miguuni alivaa ndara za waridi zenye manyoya, zimelowa chepechepe.

"Mtazame alivyokonda! Huko jangwani hamli?" Verona alisema, akaweka sufuria juu ya jiko. "Kabichi na tambi, siagi ya kutosha. Kula kabla Gene hajaiona."

"Nimeshaiona," Gene akajibu kutoka ukumbini.

"Basi wewe kula mwisho. Una kitambi kama baba yako."

Walikaa juu ya makreti, maana viti vilikuwa vimeshaondoka, wakala kwa sahani ambazo ilibidi Bernadine azifungue upya kwenye magazeti. Chakula kilikuwa kitamu mno. Kilimkumbusha Ijumaa zote za utoto wake, na hicho ndicho kilichomchosha zaidi.

Maana wiki nzima watu walikuwa wakimletea kumbukumbu kama wanavyoleta maua kwenye msiba. Unakumbuka masizi? Nani angesahau masizi? Kiwanda cha chuma kilikuwa pale chini kando ya mto, kikipumua mchana na usiku, na akina mama wa Mtaa wa Hazel walikuwa wakisugua baraza kila asubuhi kwa sabuni na brashi, ingawa kufikia saa sita zilikuwa nyeusi tena. Jumatatu ni kufua, na ole wake aliyeanika shuka wakati upepo unatoka mtoni. Unakumbuka televisheni ya kwanza, kwa kina Petrash, watoto kumi na wanane wamekaa kwenye majani wanachungulia dirishani? Unakumbuka taa za barabarani zikiwaka, kila mtoto anatimua mbio kwao kabla mama hajamwita kwa jina lake la ubatizo?

Alikumbuka. Alikumbuka pia siku za mshahara, wanaume wakipanda mlima wakiwa wamelewa, na vilio nyuma ya mapazia. Hayo hakuna aliyeyaleta. Watu wakizeeka hupenda kuusifia utoto, na asiyekuwepo angedhani Mtaa wa Hazel ulikuwa pepo yenye moshi.

Verona yeye hakuwahi kuuhama. Aliolewa na Steve, mwendesha winchi, nyumba ya tatu kutoka kwao. Akazaa hapo, akafiwa na mume hapo, kiwanda kikafungwa akiwa hapo. Na kwa muda wote huo alitembea kwa ndara. Hilo ndilo lililokuwa chekesho la mtaa. Ndara sokoni, ndara kwenye misa ya saa tatu, ndara nyeupe za hariri siku ya harusi yake. Januari ya mwaka sabini na saba, baridi ilipokuwa kali hata mto ukaganda, alikwenda kwa ndara hadi kituo cha basi akarudi na vidole viwili vimekufa. Vikakatwa. Hata hapo hakujifunza.

"Vidole vimebaki vinane," alikuwa akiwaambia watu. "Malaika hawatahesabu."

Bernadine alizitazama ndara zikichuruzika maji juu ya sakafu aliyoipiga deki asubuhi.

"Verona, kuna buti za mama kwenye mfuko ule wa kanisa. Hazijavaliwa hata mara tatu. Zina manyoya ndani. Chukua."

"Za kamba?"

"Za kamba."

"Wape maskini."

Gene alipita na bisibisi mkononi, akaenda hadi kwenye kishubaka kilichokuwa ukutani kati ya jokofu na mlango wa ngazi za chumba cha chini. Ndani ya kishubaka ilikaa simu nyeusi, nzito, ambayo mama yao alikataa kuitoa hata alipowekewa ya vitufe.

"Hili dude je?" aliuliza huku akifungua skrubu. "Linatupwa au linaenda kanisani?"

"Wee Gene, koma!" Verona aliruka. "Hiyo nipe mimi. Nitaiweka sebuleni, niwe naitazama nacheka. Bernie, unakumbuka taulo?"

Bernadine alivuta sahani nyingine, akaanza kuifunga kwa gazeti.

"Gene, wewe ulikuwa mdogo, hujui tulivyokuwa wabaya," Verona aliendelea. "Dada yako huyu unayemwona mtakatifu, alikuwa jasusi."

Siku hizo nyumba nne zilikuwa na laini moja ya simu: Sabol, yaani kwao Bernadine, Hudak, Petrash, na mjane Dzurko wa pembeni. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake. Kwa Sabol ni mifupi miwili, kwa Hudak ni mrefu na mfupi, na mlio wowote ukilia, nyumba zote nne zilisikia. Mmoja akiwa anaongea, au mkonga mmoja ukiachwa nje ya ndoano, wengine hawawezi kupiga. Adabu ilikuwa hivi: ukinyanyua mkonga ukasikia sauti za watu, unaurudisha taratibu na unasahau ulichosikia. Ukiwa na shida kubwa unasema, jamani, kuna mgonjwa hapa, tafadhali niachieni. Hiyo ndiyo adabu. Mazoea yalikuwa mengine, kwamba kila mtu alisikiliza na kila mtu aliapa hasikilizi.

Verona na Bernadine, wakiwa na miaka kumi na mitatu, waligundua mbinu. Unabana ndoano ya simu kwa kidole, unanyanyua mkonga, halafu unaachia ndoano polepole. Unazungushia taulo la jikoni mahali pa kusemea ili pumzi zako zisisikike. Mama Petrash alikuwa na dada yake upande wa pili wa mji, na wale wawili wakianza, hata padri angeacha misa asikilize.

"Nakumbuka alivyosema mumewe anakoroma hadi picha ya Papa inaanguka ukutani!" Verona alicheka, machozi yakamtoka. "Kusikiliza kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kurudisha."

"Kwa nini?" Gene aliuliza.

"Ting! Ukirudisha tu, kengele inalia ting, hata ufanyeje. Mama yako alikuwa na masikio ya paka. Haya, fungua hizo skrubu, nipe simu yangu."

"Hiyo hapana," Bernadine alisema.

Alisema kwa ukali kuliko alivyokusudia. Gene na Verona walimgeukia.

"Imeharibika," aliongeza.

"Kwani nataka kumpigia nani? Ya kutazama tu, shoga."

"Nimesema hapana, Verona."

Verona alikunja kitambaa chake cha sufuria mara mbili, halafu mara nne. Alikuwa ameumia na hakuficha. Gene alikuwa hapendi ugomvi wa wanawake, na alipoona hali ile alibeba makreti mawili ya vyombo, akasema anakwenda kuyapeleka ukumbi wa kanisa na atarudi baada ya nusu saa. Pikapu ilinguruma ikashuka mlima.

Walibaki wawili, na simu ikining'inia kwa skrubu moja.

Mara ngapi Bernadine alikuwa amekusudia kusema? Alikusudia siku ya harusi ya Verona, akaona ni mkosi kusema siku ya harusi. Alikusudia alipoombwa kuwa mama wa ubatizo wa Susan, mtoto wa Verona, akameza mate. Alikusudia Steve alipokufa, akajiambia huyu ana msiba wake. Kule Arizona, kabla ya kulala, alikuwa akizunguka nyumba kuhakikisha simu zimekaa mahali pake, na mumewe alimtania kwamba wengine hukagua jiko la gesi. Hakumwambia hata yeye. Leo saa kumi na moja nyumba ingekuwa ya watu wengine, na yeye asingekuwa na sababu tena ya kukanyaga Mtaa wa Hazel. Angeweza kuondoka na siri yake hadi kaburini. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa yeye peke yake.

Ilikuwa Alhamisi, Julai ya mwaka hamsini na tatu. Mama yake alikuwa chumba cha chini anapiga pasi kwenye ubaridi. Bernadine alikuwa jikoni na mkonga sikioni, taulo limezungushwa, anamsikiliza Mama Petrash akieleza jinsi binti wa binamu yake alivyotoroka na kijana wa Kitaliano muuza vigae. Mama Petrash akaaga, akakata. Hapo hapo Bernadine akasikia hatua za mama yake zikipanda ngazi.

Angerudisha mkonga, ting. Na mama alikuwa ameshaapa: nikikukamata tena kwenye simu ya watu, Siku ya Waslovaki huendi. Siku ya Waslovaki, sikukuu ya wahamiaji wa asili yao, ilikuwa wiki iliyofuata. Mtaa mzima ulikuwa ukienda kwa treni kwenye bustani ya michezo, na binti wa miaka kumi na mitatu aliisubiri kuliko Krismasi. Basi akausukuma mkonga na taulo lake nyuma ya bati la kuhifadhia mkate, chini ya kishubaka, akasimama mbele yake, anatabasamu. Ataurudisha mama akitoka.

Mama hakutoka. Alimtuma yeye hamira, duka la mtaa wa juu, na haraka. Njiani akakuta wasichana wanaruka kamba. Akaruka nao.

Aliporudi aliona watu wamejaa kwenye uzio wa kina Hudak. Hakwenda huko kwanza. Alikwenda jikoni. Mkonga ulikuwa pale pale nyuma ya bati la mkate. Aliufungua taulo, akaurudisha. Ting. Ndipo akatoka nje kuangalia kuna nini.

Baba yake Verona, Andrej Hudak, alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala, ameamka, amekwenda kunywa maji, ameanguka jikoni akishika kifua. Mkewe alinyanyua simu kumwita daktari. Simu kimya, haina hata mlio. Alipiga kelele kwenye simu, akagongagonga ndoano, hakuna. Ikabidi amtume Verona ashuke ngazi zote za kilima hadi duka la dawa kupiga simu huko. Daktari alifika akakuta mtu ameshakata roho. Alisema angefika dakika kumi mapema, pengine. Hilo pengine lilizunguka mtaa mzima.

Lawama zilimwangukia Mama Petrash, bila shaka. Nani mwingine? Domo lake lilijulikana. Ama alikuwa anaropoka, ama aliuweka mkonga vibaya. Mama wa watu aliapa kwa Mtakatifu Ana kwamba aliuweka sawasawa, na alikuwa akisema kweli tupu. Kwenye msiba alileta mkate wake wa kuviringisha, wenye mbegu za mpopi, aliosifika nao parokia nzima. Mama Hudak aliuchukua mbele ya watu wote, akatoka nao nje, akautupia mbwa. Kabla mwaka haujaisha kina Petrash walihamia Ohio, na huko ndiko Mama Petrash alikokufa.

Na Bernadine, kwa kuwa hakuna aliyemshuku, alikwenda Siku ya Waslovaki. Alipanda bembea zote.

"Sikukusudia kukukera," Verona alisema sasa. Alikuwa ameinuka kuosha sahani mbili walizolia. "Ni nyumba yenu, ni simu yenu. Mimi ni mtu wa vikumbusho, unanijua."

"Si hivyo. Nimechoka tu."

"Sote tumechoka." Alifuta sahani kwa kitambaa chake. "Ukiondoka leo hurudi. Usinidanganye kwamba utarudi."

"Sirudi."

"Basi nikuambie jambo. Sijamwambia mtu, hata Steve. Na wewe utanicheka."

"Sema."

"Ndara."

Bernadine alishtuka, akadhani ataanza utani. Verona hakuwa anatania. Alikaa tena juu ya kreti, akainyoosha miguu yake mbele, ndara imelala upande kwenye ule mguu uliopungukiwa vidole.

"Siku ile ya baba, mama alinipigia ukelele: kimbia, Verona, kimbia kwa mfamasia! Mimi nilikuwa pekupeku. Unamkumbuka mke wa mfamasia? Alikuwa akisema watoto wa Kislovaki wanatembea kama mabata, hawana viatu. Mama alishanipiga kwa hilo. Binti wa Hudak hashuki kilima pekupeku. Basi unajua nilifanya nini? Baba yangu yuko sakafuni, mdomo umekuwa wa buluu, mimi nikakaa chini nikavaa viatu. Vile vyeusi vya Jumapili, vya bizimu. Vilikuwa vipya, tundu gumu. Sindano ya bizimu haiingii. Nikafunga cha kushoto, nikafunga cha kulia. Mama yuko na baba hanioni. Halafu ndiyo nikakimbia."

"Verona..."

"Ngoja. Siku ya mazishi nilikuuliza, pale kwenye ngazi za kanisa. Hukumbuki, najua. Nilikuuliza, Bernie, kufunga viatu kunachukua muda gani?"

Alikumbuka. Mungu wangu, alikumbuka vizuri sana. Alikuwa amesimama pale akisubiri mtu yeyote amuulize kuhusu simu, na rafiki yake akaja akamuuliza kuhusu viatu. Alifarijika hata akataka kucheka. Akajibu la kwanza lililomjia.

"Ukaniambia, dakika mbili hivi," Verona alisema. "Nikapiga hesabu. Dakika mbili za viatu, kisha kushuka ngazi na viatu vigumu vinaniteleza, badala ya pekupeku ninavyoruka kama mbuzi, tatu nyingine. Tano. Mfamasia alikuwa na mteja, nikaona aibu kumkatiza, nikangoja. Nikafika kumi. Kumi za daktari, zile zile. Tangu hapo sifungi kiatu. Nikiambiwa kimbia, niwe tayari."

Alicheka kidogo, bila furaha. "Haya, cheka. Bibi mzima."

Mvua iligonga kwenye bati la baraza. Bernadine aliona njia mbili mbele yake. Angeweza kumkumbatia, amwambie ulikuwa mtoto, Mungu anajua, si kosa lako. Watu humwambia mtu hivyo na huonekana wema. Verona angelia, wangeagana vizuri, angeletewa kadi ya Krismasi kila mwaka. Au angeweza kusema kweli na kumpoteza mtu pekee aliyebaki duniani anayemwita Bernie.

Alipiga moyo konde.

"Si viatu, Verona. Ni mimi. Mkonga ulikuwa kwetu."

"Nini?"

"Simu haikuwa imeharibiwa na Mama Petrash. Nilikuwa nasikiliza. Mama akapanda ngazi, nikaogopa ting. Nikaficha mkonga pale, nyuma ya bati la mkate, na taulo lake. Nikatumwa hamira. Nikaenda nikaruka kamba. Niliporudi baba yako alikuwa ameshakufa. Mama yako angepiga simu moja kwa moja. Usingetumwa. Usingehitaji viatu kabisa."

Verona alitazama bati la mkate, lililokuwa limefungwa magazeti tayari, kana kwamba alitaka kulikagua.

"Siku ya Waslovaki," alisema mwishowe. "Uliogopa kunyimwa Siku ya Waslovaki."

"Ndiyo."

"Na ukaenda."

"Nikaenda."

"Ukaniletea peremende za karanga kutoka huko. Kwenye karatasi ya bluu." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilizila. Nilisema, Bernie ananipenda."

"Nilikupenda."

"Nyamaza!" Alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Miaka arobaini na mitatu! Umemshika mwanangu kwenye maji ya ubatizo! Umeniona natembea na hizi kwenye theluji, ukacheka na wengine! Vidole vyangu vimekatwa, ukanitumia kadi yenye picha ya kaktasi!"

"Sikujua kuhusu viatu. Naapa, Verona, sikujua."

"Hukujua viatu. Ulijua simu." Alifunika mdomo kwa mkono. "Na Mama Petrash. Ee Mungu, Mama Petrash. Mimi ndiye niliyemfungulia mama mlango akatupe ule mkate."

Bernadine alikuwa ameyafikiria maneno ya kuomba radhi kwa miaka mingi, maneno mazuri kabisa, na yote aliyaona sasa hayafai. Alisema tu samahani, mara moja, na hakuirudia.

Kisha Verona alivuta pua, akajifuta uso kwa kitambaa cha sahani.

"Ziko wapi zile buti za mama yako?"

"Kwenye mfuko. Ukumbini."

"Lete."

Alizileta. Buti za kahawia, ndefu hadi juu ya kifundo, kamba zake bado ngumu za dukani. Verona alivua ndara, akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akashika kamba. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi. Alizungusha kamba huku na huku, akapoteza njia, akaziachia.

"Siwezi. Nimesahau," alisema. "Funga wewe."

Bernadine alipiga magoti sakafuni. Verona alikunja mkono wa sweta, akaitazama saa yake ya mkononi.

"Funga upesi. Funga kama vile mtu anakufa."

Alifunga. Kamba ilimponyoka, akaikamata, akaipitisha kwenye ndoano moja baada ya nyingine, akakaza, akapiga fundo. Akahamia buti ya pili. Machozi yalimdondokea kwenye ngozi ya buti naye hakuyafuta kwa sababu hapakuwa na muda. Alipopiga fundo la mwisho aliinua uso.

"Dakika moja kasoro sekunde tano," Verona alisema, macho bado kwenye saa. "Buti mbili. Kamba ndefu. Mtu analia. Vyangu vilikuwa vya bizimu tu." Alishusha mkono wa sweta. "Wewe uliniambia mbili."

Aliinuka. Alikuwa mrefu kidogo kuliko kawaida, na alijaribu hatua moja, kisha nyingine, akishika ukingo wa jiko. Alichukua sufuria yake. Mlangoni alisimama bila kugeuka.

"Usinipigie simu, Bernadine. Nikitaka kusikia sauti yako nitapiga mwenyewe. Na sijui kama nitataka."

Alishuka baraza, akavuka barabara iliyolowa akienda taratibu, anakanyaga maji bila kuyakwepa. Kwake aliingilia mlango wa nyuma.

Gene alirudi saa tisa na nusu. Alimkuta dada yake bado amekaa sakafuni, akafikiri ni uchovu. Alifungua skrubu ya mwisho, akaibeba simu chini ya kwapa, halafu akaziona ndara za waridi kando ya jiko, zimelala kwenye kidimbwi chake cha maji.

"Hizi je? Za kanisa au za kutupa?"

"Ziache hapo kwanza, Gene," alisema. "Bado zimelowa."